Nguzo tatu zimekatika: nirudishe mbao au niweke vinaili?

Jasmini_Ukutani

Wandugu, habari za leo. Naombeni ushauri kabla sijaanza kazi itakayokula fedha zetu zote za akiba.

Nyumba yetu ina uzio wa mbao wa mita 26, kimo chake mita 1.8, una nguzo 14. Tuliukuta tulipohamia, miaka 11 iliyopita. Juzi usiku upepo ulivuma vibaya, na kulipokucha nikakuta vipande viwili vimelala chali juu ya maua yangu. Nguzo tatu zimekatika, na zote zimekatika mahali pamoja: usawa wa ardhi. Kinachonishangaza ni kwamba mbao zenyewe ni nzima. Nimezigonga kwa kifundo cha kidole, zinalia kavu, ko ko ko. Lakini kisiki kilichobaki ndani ya zege kimekuwa kama sponji iliyolowa. Nilikichomoa kwa vidole vitupu, kikatoka vipande vya kahawia vyenye harufu ya uyoga.

Baba watoto anataka tung'oe wote tuweke vinaili, ile plastiki ngumu ya PVC. Amechoka kupaka rangi. Kila baada ya miaka miwili mitatu anapiga msasa, anabandua magamba, anapaka upya, na hizo zote ni siku zake za mapumziko. Nikimwangalia mgongo anavyounyoosha jioni, nashindwa kumbishia.

Ila mimi naipenda mbao. Jasmini yangu imepanda humo tangu mwaka wa kwanza, na sitaki kuiona ikikatwa. Halafu kuna jirani mwenye uzio wa vinaili, mweupe, safi kabisa, lakini sehemu moja tu katikati umepinda kama mtu aliyeegemea kitu cha moto. Kwingine kote umenyooka. Hakuna anayejua kwa nini.

Mwenye uzoefu wa kweli aniambie: nichague kipi, na kwa sababu gani?

---

Bawaba_na_Komeo

Pole sana dada. Mimi ni seremala, mwaka huu natimiza miaka 22 kwenye kazi hii, na uzio nimejenga wa aina zote mbili. Ngoja kwanza nikueleze uzio wako uliuawa na nini, maana usipolijua hilo utanunua tena ugonjwa uleule.

Mbao iliyo hewani hulowa mvua ikanyesha, kisha hukauka. Mbao iliyozama chini sana ina maji lakini hewa ni chache. Pale usawa wa ardhi ndipo vyote viwili vinapokutana, na kuvu inayoozesha mbao inavitaka vyote viwili. Mbao ikibaki na unyevu chini ya asilimia 20, kuvu haina maisha. Nguzo zako hapo chini hazikuwahi kukauka kiasi hicho, nina hakika. Tazama zege lenyewe: limekaa kama bakuli kuzunguka nguzo? Na chini ya nguzo limefungwa? Kama ndivyo, maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Nguzo ilisimama ndani ya kikombe miaka 11.

Nguzo ya mbao inasimikwa hivi. Chimba shimo lenye kina cha kama theluthi ya urefu wote wa nguzo. Weka kokoto chini, sentimita 10 hadi 15, na nguzo isimame juu ya hizo kokoto. Zege lizunguke ubavuni tu, lisizibe chini. Juu liinue kidogo kupita udongo, ulipe mteremko kama paa, maji yakimbie mbali na mbao. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari au kivalishwe kofia, kwa sababu ncha ya mbao hunywa maji kuliko ubavu.

Na ukinunua nguzo iliyoshindiliwa dawa kiwandani, usiizike ile ncha uliyoikata kwa msumeno. Dawa haifiki hadi moyoni, kwa hiyo ukikata umefungua mlango. Ncha ya kiwandani iende chini, uliyoikata ikae juu na uipake dawa kwa brashi, mara mbili. Skrubu nazo ziwe za zinki nzito au za chuma kisichoshika kutu, maana dawa nyingi za siku hizi zina shaba, na shaba hula chuma cha kawaida.

Muuzaji akikusifia msaji au mwerezi, mwambie akuonyeshe rangi. Sifa ya kutooza ni ya kiini, ile sehemu nyeusi ya ndani. Ule weupe wa nje unaoza upesi hata kwenye mti wenye jina kubwa. Nimeona watu wakilia kwa hilo.

Kuhusu vinaili niwaachie wanaoishi nayo.

---

Upande_wa_Magharibi

Mimi naishi nayo, mwaka wa saba huu. Nitasema mazuri kwanza kwa sababu ni ya kweli. Haiozi, mchwa hawaigusi, haihitaji rangi. Mara mbili kwa mwaka naiosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, hasa upande wa kivulini ambako ukungu wa kijani hujikusanya. Basi. Mumeo hajakosea.

Sasa niseme yaliyonikuta. Mafundi walikuja alfajiri, siku ya baridi, wakasukuma zile reli za kulala hadi zikagota ndani ya nguzo pande zote mbili, wakazikaza kwa skrubu. Zilikuwa zimenyooka kama rula. Siku za joto zilipofika, mchana mmoja nikatoka nje nikakuta reli nne zimebinuka kama upinde. PVC hutanuka sana ikipata joto, takriban milimita 0.06 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Fanya hesabu: reli ya mita 2.4, tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua, unapata zaidi ya milimita 4. Zitaenda wapi kama hazikuachiwa nafasi? Nilifungua zote mwenyewe, nikapunguza ncha kwa msumeno, nikaacha kila reli icheze ndani ya tundu lake. Hazijabinuka tena. Asubuhi jua likizipiga zinalia tak, tak, tak mstari mzima, na sasa hiyo sauti naipenda, maana najua zinasogea.

Jambo la pili: nguzo za vinaili zina uwazi ndani. Ya geti na za pembeni lazima zitiwe bomba la chuma au zege, la sivyo geti litaanza kuburuta chini. Langu liliburuta mwaka wa kwanza tu.

La tatu ndilo linalonisumbua hadi leo. Ubao mmoja ulipasuka asubuhi ya baridi kali, mpira wa mtoto tu. Plastiki ikipoa sana inakuwa kavu kama gamba la yai. Mbao ningeiziba au ningeibadilisha kwa ubao wowote wa kipimo kile. Vinaili haizibiki ikapendeza, na muundo wangu umeshaacha kutengenezwa. Nimeuhamishia pale ubao wa nyuma ya banda. Ukinunua, nunua na mbao tatu nne za ziada uziweke stoo, siku hiyohiyo.

Kuhusu jirani yako: je, mbele ya pale palipopinda kuna dirisha kubwa? PVC huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80, na vioo vya kisasa vya tabaka mbili, vile vyenye utando wa kuzuia joto, vinaweza kukusanya jua na kulirusha mahali pamoja.

---

Jasmini_Ukutani

Asante sana kaka, nimekwenda kuangalia. Saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama na jirani, mstari mkali wa mwanga kutoka kwenye dirisha lake la sebuleni umetua palepale palipopinda. Nimeweka kiganja, nikakitoa haraka. Ameniambia atapanda mti mdogo hapo katikati.

Sisi pia tuna dirisha kama hilo, na linatazama uzio.

Fundi, na wewe umesema kweli. Nimefukua nguzo mbili. Zege ni bakuli, na chini limefungwa. Moja ilikuwa bado na maji ndani, na mvua haijanyesha siku sita.

---

Bawaba_na_Komeo

Dada, fanya kazi moja kabla hujanunua chochote. Chukua bisibisi bapa, uichome kila nguzo iliyosimama, sentimita mbili juu ya udongo na mbili chini yake, kisha uichome kila ubao sehemu ya chini. Ikiingia kwa urahisi kupita unene wa ukucha, hapo pameoza. Andika idadi.

Naomba hivyo kwa sababu ipo njia ya tatu ambayo watu huisahau. Kama mbao ni nzima na kilichooza ni nguzo tu, weka nguzo za chuma zilizopakwa zinki, kisha rudisha mbao zako zilezile. Kiungo kilichokufa kinakuwa chuma, na kinachoonekana kinabaki mbao. Ukikata chuma, pale ulipokata pamebaki uchi, papake rangi ya zinki. Bomba lizibwe juu, maji yasijae.

Na mwambie shemeji aache rangi inayofanya ngozi juu ya mbao. Hiyo ndiyo inayobanduka na kumvunja mgongo, kwa sababu maji yakiingia nyuma yake yanaisukuma. Atumie ile ya kupenya. Hiyo inafifia tu, haibanduki. Muda wake ukifika anaosha, anaacha ikauke, anapaka. Hakuna msasa. Mbao ikiwa tayari utaijua: dondoshea matone ya maji. Yakinyonywa, paka. Yakisimama juu kama shanga, subiri.

---

Jasmini_Ukutani

Nimemaliza kuchoma. Nguzo 11 zilizosimama: sita laini, tano ngumu. Mbao 182: zilizooza ni 19, na zote zilikuwa zimegusa udongo, hasa nyuma ya maua nilikokuwa naongeza mboji kila mwaka bila kufikiri. Kwa hiyo hizo nimezioza mimi kwa mikono yangu.

Mume wangu amesoma mazungumzo haya yote jana usiku, kimya, akarudia mara mbili pale pa rangi ya kupenya. Asubuhi alipima mwenyewe. Tunaweka nguzo 14 za chuma, hata zile tano ngumu tunazitoa. Mbao zote tunazikata sentimita 5 chini zisiguse udongo tena, na 19 tunanunua mpya. Upande wa banda, ambako hakuna dirisha wala mtu anayetazama, anataka kujaribu vipande viwili vya vinaili. Nimekubali, ila zile reli nitazikagua mimi kabla hajakaza chochote.

Jasmini nimeifungua tawi kwa tawi, ilinichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nimeilaza juu ya kamba mbili na kuifunika gunia lenye maji. Shina halijakatika.