Mrejesho: Menyu ya tovuti ya kusambaza filamu
Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini wageni wa tovuti yetu ya kusambaza filamu walikuwa wakipotea kabla ya kuifikia filamu waliyoitafuta. Nilifuata ushauri wa kuwapa watumiaji 5 kadi zenye majina ya kurasa wazipange wenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa kosa letu: tulipanga menyu kwa idara za ofisi, ilhali mtazamaji huanza na jina la filamu, na mwenye ukumbi wa sinema huanza na masharti ya kukodi filamu. Sasa sehemu ya watazamaji na ya wenye kumbi zimetenganishwa, na watu wengine 5 niliowajaribu walifika bila kuelekezwa. Kuchuja filamu kwa lugha bado kunashindikana kwenye simu, kwani kitufe cha kurudi hufuta chaguo zote.