Je, mapacha wote walioungana watenganishwe wakiwa wachanga?

Hoja iliyo mbele yetu wakazi wa Dodoma ni hii: kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, serikali iweke utaratibu wa kuwatenganisha mapacha wote walioungana kabla hawajajitambua, na gharama zote izibebe yenyewe. Kuhusu gharama sina ubishi. Ninachokipinga ni kuwafanyia wote upasuaji kana kwamba kuungana kwao ni kwa namna moja.

Chang na Eng, waliozaliwa Siam mwaka 1811, waliunganishwa na mkanda wa nyama kifuani, na uchunguzi wa miili yao walipofariki mwaka 1874 ulionyesha kwamba maini yao yalikutana ndani ya mkanda huo. Madaktari wa leo wangeweza kuwatenganisha. Watoto wetu wa Kyela waliopelekwa Chennai, India, mwaka 2013, walitenganishwa na wakarudi nyumbani wote wawili. Wanaotumia moyo mmoja, hata hivyo, hawawezi kugawiwa moyo huo, na anayedai watenganishwe anadai, atake asitake, kwamba mmoja wao afe.

Jambo hilo lilifika mahakamani Uingereza mwaka 2000. Wazazi kutoka kisiwa cha Gozo, Malta, walikataa upasuaji kwa sababu ya imani yao. Majaji wakauruhusu, kwa kuwa pacha dhaifu aliishi kwa kutegemea moyo na mapafu ya mwenzake, na bila upasuaji wote wawili wangekufa. Dhaifu alifariki, mwenzake akaishi. Nimeitafakari hukumu hiyo mara nyingi na naikubali, lakini naikubali kwa sababu tu kifo cha wote wawili kilikuwa hakika. Pale ambapo wote wanaweza kuishi wakiwa wameungana, sioni aliyempa yeyote kati yetu mamlaka ya kuchagua.

Iringa, jirani zetu, waliliona hilo kwa macho yao. Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, walimaliza Kidato cha Sita, wakaingia Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na walisema waziwazi kwamba hawakutaka kutenganishwa. Walifariki tarehe 2 Juni 2018 wakiwa na umri wa miaka 21. Wapo wanaokitaja kifo hicho kama ushahidi kwamba ingefaa watenganishwe utotoni; mimi nawauliza ni daktari gani aliyewahi kuthibitisha kwamba wote wawili wangenusurika.

Wanaopendelea mapema wana hoja moja nzito, nami siwezi kuikwepa. Ladan na Laleh Bijani wa Iran, walioungana vichwa, walijiamulia wenyewe wakiwa na miaka 29, na wote wawili wakafariki kutokana na upasuaji huo nchini Singapore mwezi Julai 2003. Kusubiri ridhaa kuna gharama yake, kwa kuwa mwili wa mtu mzima haurekebiki kwa urahisi kama wa mtoto.

Kwa hiyo napendekeza ultrasaundi ya mapema kwa wajawazito hadi Kongwa na Mpwapwa, rufaa inayolipiwa na serikali, na jopo la madaktari litakaloamua kwa kila jozi baada ya kuwasikiliza wazazi. Wanaotaka sheria ya jumla watujibu: kwa watoto wenye moyo mmoja, nani ataweka sahihi?