Joaquín Ruiz-Giménez: tumhesabu waziri wa Franco au mtetezi wa haki?

Wakuu, naleta hoja, tuipime bila matusi. Rafiki yangu ameniambia hivi: "Aliyekula meza moja na dikteta hasafishiki." Tulikuwa tunamzungumzia Joaquín Ruiz-Giménez, Waziri wa Elimu wa Hispania kuanzia 1951 hadi 1956, chini ya dikteta Francisco Franco.

Wanaomkingia kifua huanzia mwaka 1963, alipoanzisha jarida la Cuadernos para el Diálogo, lililowapa nafasi Wakatoliki na watu wa mrengo wa kushoto pamoja. Mimi nataka tuanzie wizarani, maana utetezi unaoruka miaka ile mitano haunishawishi.

Pale wizarani alijaribu kulegeza kamba. Chuo Kikuu cha Madrid alimkabidhi Pedro Laín Entralgo, cha Salamanca akampa Antonio Tovar. Mwaka 1953 mwanafizikia Arturo Duperier alirudi nyumbani kutoka uhamishoni London. Lakini vifaa vyake vya kuchunguza miale ya anga vilikwama forodhani, na alifariki mwaka 1959 bila kuvitumia. Kisa hiki kinaniuma kila nikikikumbuka. Mlango ulifunguliwa, kazi ya mtu ikafungiwa nje.

Februari 1956 wanafunzi wa Madrid walitaka uhuru wa kujipanga nje ya chama chao cha serikali. Wakapigana na vijana wa Falange, chama pekee kilichoruhusiwa na utawala, na kijana mmoja wa Falange akapigwa risasi. Franco akamwondoa waziri. Hapa rafiki yangu ana hoja nzito: hakujiuzulu, aliondolewa. Nakubali, na sitaitafutia udhuru. Walimu waliofukuzwa kazi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wana haki ya kuuliza kwa nini alikubali kuitumikia serikali ile hata siku moja.

Ila tazama alichofanya baadaye. Angeweza kufundisha sheria zake na kukaa kimya. Badala yake alisimama kuwatetea wapinzani mbele ya mahakama za utawala uleule. Desemba 1973, akiwa na miaka 60, alikuwa miongoni mwa mawakili wa viongozi wa Comisiones Obreras, chama cha wafanyakazi kilichopigwa marufuku, katika kesi yao iliyojulikana kama Kesi ya 1001. Siku ilipoanza ndiyo siku Carrero Blanco, mkuu wa serikali, aliyouawa kwa bomu. Kuvaa joho asubuhi ile kulihitaji moyo.

Mwishoni mwa 1982 Bunge la kidemokrasia lilimchagua kuwa Mtetezi wa Wananchi, yaani mpokeaji wa malalamiko ya raia dhidi ya vyombo vya serikali, wa kwanza kushika wadhifa huo nchini humo. Kwangu alistahili, na miaka ile mitano ibaki imeandikwa kwenye wasifu wake bila kupakwa rangi.

Mnaopinga, nijibuni hili moja: kama mwaka 1951 angekataa uwaziri, kiti kile kingekaliwa na nani, na Duperier angerudi?