Ushauri jamani: najifunza Kiitaliano kwa nyimbo za mapenzi, kaunta nakwama

Mwana wa Kiwengwa
Asalaam alaykum wanajamvi. Niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Kiwengwa, na wageni wetu wengi ni Waitaliano. Ada ya kozi sijaimudu, kwa hiyo najifundisha kwa nyimbo za Laura Pausini na Tiziano Ferro, zile za watu kugombana, kuachana, kurudiana. Daftari limejaa: gelosia wivu, bugia uongo, tradire kusaliti, litigare kugombana.

Juzi kaja mzee wa makamo ya babu yangu. Nikamwambia kwa tabasamu, "Dimmi," yaani niambie. Akanyamaza, mkewe akanitazama. Mwenzangu ndiye aliyenieleza baadaye kuwa nimesema naye kama mtu wa rika langu. Nimelelewa kwa shikamoo mimi, iliniuma sana. Je, niache nyimbo?

Mapokezi Malindi
Usiache dada. Wapenzi kwenye wimbo husemeshana kwa "tu", ile "wewe" ya Kiitaliano ya watu waliozoeana. Dimmi, guardami (nitazame), lasciami (niache, au niachie), vattene (ondoka), zote ni amri za mtu na mtu wake. Mgeni unamsemesha kwa "Lei", "wewe" ya heshima: dimmi inakuwa mi dica, guarda inakuwa guardi, scusami (samahani) inakuwa mi scusi. Mimi kila amri niliyoitoa kwenye wimbo niliiandikia mwenzake wa heshima pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Na hayo maneno ya kuachana usiyadharau, maana ndiyo ya malalamiko ya hoteli! Aliyeachwa anaimba mi manchi, yaani wewe ndiye unayekosekana kwangu. Asubuhi mgeni anakuja: manca un asciugamano, taulo moja halipo. Kitenzi ni kilekile. Ti ho perso, nimekupoteza. Ho perso la chiave, nimepoteza ufunguo. Senza di te, bila wewe. Senza ghiaccio, bila barafu. Hata vorrei (ningependa) ya kilio ndiyo vorrei ya kuagizia kahawa. Mimi niliposhtukia hilo, daftari langu la mapenzi likawa daftari la kazi.

Shangazi wa Perugia
Mwanangu, kuna jingine. Kiswahili chetu "nakupenda" inamtosha mama, rafiki na mchumba. Huku Italia ti amo ni ya wapenzi. Mama, mtoto na rafiki huambiwa ti voglio bene. Nyimbo zimejaa ti amo, basi usije ukamwambia mgeni aliyekuletea zawadi. Yeye grazie mille, asante sana, inamtosha.

Angalia na matamshi. Tumezoea kusoma "chi" kama chi, wao chi ni "ki", na ci ndiyo "chi". Perché ni "perke". Konsonanti mbili zikaze kweli: pena ni uchungu, penna ni kalamu. Waimbaji nao hukata mwisho wa maneno ili mizani ikae, amore ikawa amor, cuore ikawa cuor. Kaunta sema neno zima.

Tena chagua wimbo. Ule wa mwimbaji Geolier ulioshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya nyimbo ya Sanremo 2024 ni wa Kinapoli, lugha ya watu wa Napoli, na ukiuingiza daftarini utachanganyikiwa. Laura uliyeanza naye anafaa, anatamka neno likasikika.

Mpenda Taarabu
Mgeni akijifunza Kiswahili kwa taarabu peke yake atajua vijembe vyote, lakini kuulizia daladala hawezi. Changanya dada. Wimbo mmoja kwa wiki, uandike kwa mkono, halafu sikiliza na habari za RAI, shirika la utangazaji la Italia.

Mwana wa Kiwengwa
Ahsanteni sana, nyote. Shangazi, hiyo ya ti amo umeniokoa, maana mama mmoja wa chumba cha juu aliniletea kitambaa na nilikuwa nimeshaipanga mdomoni.

Jana usiku nimepiga mstari katikati ya kurasa zote. Kushoto lasciami, kulia mi lasci. Leo yule mzee kapita akielekea ufukweni na ufunguo mkononi. Nikamwambia, "Buongiorno signore, mi lasci la chiave, per favore." Akauweka kaunta taratibu, akajibu, "Ecco, signorina."