Nia ya tantra inaweza kufika hadi Gikomba?

MamaSweta
Wanajukwaa, hamjambo. Mimi nauza sweta na suruali za watoto, mitumba, sokoni Gikomba, Nairobi. Mwaka jana usingizi ulinihama kabisa, binamu yangu akanipeleka kwenye ukumbi mmoja kule Parklands wanakofanya yoga nidra. Unalala chali kwenye mkeka, mwalimu anataja viungo kimoja kimoja, kidole gumba cha kulia, kiganja, kiwiko, nawe unavifuata kwa akili bila kutikisika. Mwanzoni na tena mwishoni kila mtu anasema moyoni sankalpa yake, yaani nia, mara tatu, maneno yaleyale. Mwalimu anasema mtindo huu ulipangwa na Swami Satyananda wa Munger, India, kutokana na ibada ya zamani ya tantra, yaani mapokeo ya kiroho ya India, ya kuweka mantra (maneno matakatifu) kwenye viungo vya mwili. (Si ile tantra ya matangazo ya masaji. Wazee wa mzaha, piteni mbali.)

Sankalpa yangu ilikuwa "biashara yangu inakua." Mwalimu alipoisikia akakunja uso. Eti hayo ni matamanio tu, nitafute jambo la kiroho. Sasa nauliza wanaojua: mtu anayeamka saa kumi usiku ili awahi robota likifunguliwa, apate kamera, zile nguo bora, kabla ya wengine, nia yake ndiyo haina hadhi? Halafu kama nia ina nguvu hivyo, mbona jirani yangu wa kibanda anaapa kila siku kwamba nia yake ni safi, huku anakunja sweta ili doa liende ndani?

MzeeWaNgara
Mama, huyo mwalimu amekuwa mkali kuliko miungu yenyewe. Mimi ni Mgujarati, mzaliwa wa Ngara, na kwetu puja (ibada ya Kihindu) rasmi huanza kwa sankalpa, tena kwa sauti. Pujari, yaani kuhani, ananitilia maji kwenye kiganja cha kulia, pamoja na punje za mchele na ua. Anataja siku kwa kalenda ya mwezi, mahali tulipo, na Nairobi inatajwa humo katikati ya Kisanskriti, kisha jina langu, ukoo wangu, na ninachokiomba. Afya ya mke. Mtihani wa mtoto. Hapo ndipo namwaga yale maji kwenye sahani, na kazi inaanza.

Ona inavyombana mtu: ni wewe, leo, hapa. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na biashara iliyomo kwenye nia yako. Nauliza wewe mwenyewe umo wapi. "Biashara inakua", nani anaikuza?

Na kuhusu pesa: kila Diwali baba yangu aliweka daftari jipya la hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, akalipaka unga mwekundu, ameandika juu yake "shubh" na "labh", heri na faida. Faida, mama! Siku hizi wengine wanaweka kompyuta. Nimeona moja Westlands ina unga mwekundu kwenye kifuniko, mwenyewe anaogopa kuipangusa.

Walimu wa tantra wa Kashmir, akiwemo Abhinavagupta aliyeishi miaka elfu moja hivi iliyopita, walitaja nguvu tatu za mungu Shiva: utashi, ujuzi na tendo. Jirani yako amekwama kwenye ya kwanza.

NguzoYaStima
Mnaipamba sana hii tantra. Nenda Kayole, kila nguzo ina karatasi ya mganga wa kurudisha mpenzi. Maandiko ya tantra nayo yana yake, matendo sita: kutuliza maradhi na balaa, kumtawala mtu, kumzuia asiweze kitu, kufarakanisha, kufukuza, na kuua. Waliofanya hayo walikuwa na nia, tena kali, na mantra juu. Mtu akiniambia nia ina nguvu, namuuliza imeelekezwa kwa nani.

KimyaNgong
Nguzo, hapo umesema kweli, na ndiyo maana Wabudha wa Tibet wanaibana tantra yao pande zote mbili. Kabla ya kuanza unaamsha bodhichitta, azma ya kufikia mwamko kwa faida ya viumbe wote. Ukimaliza, thawabu yote unaikabidhi kwa viumbe haohao. Katikati unajiwazia wewe mwenyewe ndiye Tara, mungu wa kike wa huruma, mwili wa kijani, mguu mmoja umenyooshwa tayari kuinuka kusaidia. Bila ile azma, hapo katikati utavuna kiburi tu. Nje ya mkeka zoezi langu ni dogo: bosi akituma ujumbe wa kuudhi, kabla ya kujibu najiuliza najibu ili nini. Majibu yangu yamekuwa mafupi sana.

BintiPumwani
Sisi Waislamu nia mahali pake ni moyoni, na swala bila nia haisihi. Ila nia njema haihalalishi haramu. Ukificha kasoro ya bidhaa, mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha. Huyo jirani arudishe pesa za watu kwanza, usafi wa nia tutauzungumza baadaye.

MamaSweta
Asanteni. Mzee, swali lako la "nani anaikuza" limenikaa kooni. Kwa sasa nasema: "Nataja doa kabla ya kutaja bei." Mwalimu sijamwambia na sina mpango. Sokoni siwezi kuwadanganya kwamba mambo yamebadilika, mwezi uko kona na hakuna anayenunua. Mama mmoja alichukua sweta yenye doa kwa bei ya fagia, akasema mtoto ataichafua kabla ya saa sita hata hivyo. Sasa, niiseme kwa Kikamba au Kiswahili? Nikilala pale mkekani inakuja kwa Kikamba.

MzeeWaNgara
Sema kwa lugha unayohesabia pesa. Na usiibadilishe kila wiki, ishike mpaka itimie, hapo hata na mwalimu wako nadhani tutakubaliana. Ukipata sweta za kijani za umri wa miaka minne nitumie ujumbe. Mjukuu anaanza chekechea Januari, na shuleni kwao wanaziuza bei ya suti.