Mjadala: As I Lay Dying ya Faulkner isomwe yote sekondari, au vipande vinatosha?

Mleta mada: Wadau wa fasihi, walimu wa sekondari Marekani wanabishana kuhusu riwaya hii ya 1930 ya Mmarekani William Faulkner. Msimamo wangu: isomwe yote, darasa la 12 (mwaka wa mwisho wa sekondari huko), kwa wiki nne. Kisa chenyewe hakina ugumu. Addie Bundren anafia shambani Mississippi, na mumewe Anse na watoto watano (Cash aliye fundi seremala, Darl, Jewel, binti Dewey Dell na mdogo wao Vardaman) wanalipeleka jeneza mji wa Jefferson kwa gari la nyumbu, maana alitaka kuzikwa kwa watu wake. Kinachowashinda wanafunzi ni muundo: sehemu 59, wasimulizi 15, na juu ya kila sehemu pana jina la msimulizi basi.

Kosa kubwa ni kugawa muhtasari siku ya kwanza. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba Jewel si mtoto wa Anse, uchokozi wote wa Darl kwa nduguye unamwishia utamu kabla Addie hajafungua kinywa, na Addie anasimulia mara moja tu, sehemu ya 40, akiwa tayari amekufa.

Wiki ya kwanza someni sehemu 12 za mwanzo tu, kwa sauti, darasani. Ya 12 ndiyo Darl anasimulia mama anavyokata roho, wakati yeye yuko mbali na Jewel, wamekwenda kubeba mbao kwa malipo ya dola 3. Wengi hudhani wamesoma vibaya, hurudi nyuma, wanachanganyikiwa. Hapo ndipo pa kusimama: amejuaje? Wachore jedwali la safu tatu: msimulizi ameona nini kwa macho yake, anabuni nini, anaficha nini. Wiki tatu zinazofuata someni sehemu 16, tena 16, kisha 15 za mwisho.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, wiki nne ni nyingi mno. The Great Gatsby (1925), riwaya ya F. Scott Fitzgerald, ina sura tisa na msimulizi mmoja, Nick Carraway. Kwa wiki mbili darasa limeshajifunza kumtilia shaka msimulizi. Baada ya hapo wape Faulkner sehemu nne: 12, 18, 19 na 40. Ya 18 ni orodha ya Cash, sababu 13 za kukata mbao za jeneza kwa mshazari. Ya 19 ni sentensi moja ya Vardaman, kwamba mama yake ni samaki. Mbinu zote kuu zimo humo. Ukilazimisha kitabu kizima, nusu ya darasa itasoma muhtasari wa mtandaoni na jedwali lako litajazwa kwa kunakiliana.

Mchangiaji wa 2: Mnazungumzia muda mkisahau wazazi. Dewey Dell ni mjamzito, anatembea na dola 10 akitafuta dawa ya kutoa mimba. Moseley, mwenye duka la dawa, anamkatalia; MacGowan, karani wa duka jingine, anamlaghai na kumdhalilisha. Mwaka 1986 bodi ya shule ya Graves County, Kentucky, ilikiondoa kitabu hiki, kisha ikageuza uamuzi. Na msitegemee sana kesi ya Pico ya 1982, ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu shule kuondoa vitabu: ilihusu maktaba za shule, si vitabu vya kufundishia. Barua iende nyumbani mapema, itaje waziwazi mambo hayo, na anayekataa apewe riwaya nyingine ya uzito uleule, si kukaa maktaba bila kazi.

Mleta mada: Mchangiaji wa 2, hilo la barua nalichukua lote. Lakini Mchangiaji wa 1, vipande vyako vinamuua Cash. Ana sehemu tano. Ya kwanza ni orodha ya fundi. Mbili zinazofuata ni maneno machache yaliyokatika, analalamika kwamba jeneza halikukaa sawa. Ya nne ni ya 53, na ya mwisho ya kitabu ni yake pia. Katika ya 53 anazungumza kwa kituo, akipima kama ilikuwa haki Darl kupelekwa hospitali ya wendawazimu Jackson baada ya kuchoma ghala la mkulima Gillespie. Mtu huyu anakua mbele ya macho yetu, mguu umevunjika na familia imeumwagia saruji. Utamfundishaje kwa sehemu ya 18 peke yake?

Kuhusu kunakiliana, usiulize "nani alisema nini". Chukua tukio la familia kuvuka mto na jeneza, mpe kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa sauti ya Jewel, ambaye kitabu kizima amepewa sehemu moja tu, ya 4. Muhtasari haumsaidii mtu hapo.

Mchangiaji wa 1: Kwa Cash umenishika, ongeza 22, 38, 53 na 59 kwenye vipande vyangu. Zoezi la Jewel pia ni zuri. Ila mwalimu mwenye madarasa matano atasahihisha kurasa hizo zote lini? Bila kujibu hilo, bado nasema vipande.