Magazini ya risasi kumi: inaokoa watu au ni kiini macho?

MSOMAJI WA USIKU
Wadau, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Tisa kule Marekani ilisema California haijavunja katiba kwa kuzuia magazini (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki) zinazobeba zaidi ya risasi 10. Majaji saba kwa wanne. Ni ile kesi ya Duncan, ambayo Jaji Benitez wa mahakama ya chini alishawapa wenye bunduki ushindi mara mbili, 2019 na 2023. Swali langu ni moja: serikali ikimwambia raia "bunduki ruksa, risasi kumi basi", inaokoa mtu au inajifurahisha? Mimi naona inaokoa. Na tusidanganyane, anayehitaji risasi ya kumi na moja kumfukuza mwizi akajifunze kulenga kwanza.

SHABAHA NNE
"Akajifunze kulenga." Mkuu, umewahi kushika bastola wewe? Mimi niko Colorado, kila wiki niko uwanjani napiga shabaha. Karatasi haikimbii, karatasi haikurushii risasi, na bado kuna siku nakosa. Sasa weka giza, usingizi, na watu wawili mlangoni. Halafu nijibu hili: mbona California imewaacha polisi na magazini zao kubwa? Na wao hawajui kulenga?

MSOMAJI WA USIKU
Sijashika. Sijawahi kunywa sumu pia, lakini najua inaua.

SHABAHA NNE
Kwa hiyo hujashika. Asante, nilikuwa nahitaji hilo tu.

MAMA ZUHURA
Acheni kutunishiana misuli. Tucson, Januari 2011. Yule kijana aliyempiga risasi mbunge Gabrielle Giffords alikuwa na bastola yenye klipu ya risasi 33. Wakafa watu sita, wakajeruhiwa kumi na watatu. Aliishiwa ndipo akadhibitiwa: wakati anabadilisha, watu wakamlaza chini, na mama mmoja wa miaka 61 akamnyang'anya ile aliyokuwa anataka kuchomeka. Mwaka 2013 mume wa Giffords, Mark Kelly, aliwaambia maseneta kwamba mtoto wa miaka tisa alipigwa na risasi ya 13. Ya kumi na tatu! Angekuwa na za kumi tu, hesabu ifanye mwenyewe.

FUNDI MTUTU
Dada, si klipu, ni magazini. Klipu ni kile kibati kinachoshika risasi pamoja ili uzisukumie ndani ya magazini. Watu wanataka kupiga marufuku kitu ambacho hata jina lake hawalijui.

MAMA ZUHURA
Mtoto amekufa, wewe unanisahihishia nomino.

FUNDI MTUTU
Sheria huandikwa kwa nomino, dada yangu. Ukikosea jina unamfunga asiyehusika.

KIROBOTO
Mimi nina moja tu halafu nakaa pembeni. Marekani, ukienda kuwinda bata wanaohama, sheria ya shirikisho inasema shotgani yako isibebe zaidi ya risasi tatu. Tatu! Tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo bata ana ulinzi kuliko mwanafunzi. Kumbe ndiyo maana watu wote wanataka kula bata.

MSOMAJI WA USIKU
😂😂 Kiroboto umemaliza mjadala.

SHABAHA NNE
Hajamaliza chochote. Hiyo hoja ya bata naisikia miaka yote na ni ya kitoto. Sheria ile inahusu uwindaji, si umiliki. Shotgani ni yako, inabeba tano, saba, unavyotaka. Siku ya kuwinda unachomeka kizibo ndani ya bomba lake la risasi, ukirudi unakichomoa. Hakuna anayekuja nyumbani kukukamata kwa sababu kizibo kiko kwenye droo. California wanakufuata mpaka kwenye droo. Na lengo lilikuwa bata wasiishe. Hakuna aliyewapa haki za binadamu.

KIROBOTO
Kwa hiyo unakubali kwamba risasi zikipungua, viumbe wanaopona wanaongezeka?

SHABAHA NNE
Nakubali kwamba wewe ni bata.

FUNDI MTUTU
Kuongezea tu, bata bukini weupe wana msimu maalumu ambapo kizibo kinaondolewa kabisa, kwa sababu wamezidi wanaharibu mazalio yao wenyewe. Kwa hiyo hata kwa bata si wote.

MAMA ZUHURA
Sasa tunajadili bukini. Nimeweka watu sita hapo juu, hakuna aliyewagusa, lakini bukini wamepata mtetezi.

MZEE WA PEMBENI
Mama Zuhura, nikuguse mimi. Marufuku ya kitaifa ilikuwepo, ya Rais Clinton, 1994 hadi 2006. Kumi kumi vilevile. Mauaji ya shule ya Columbine yakatokea katikati yake, 1999. Mmoja wa wale vijana wauaji alikuwa na karabini, bunduki ndefu iliyofupishwa, yenye magazini za risasi kumi, anamaliza moja anachomeka nyingine. Hakuna aliyemrukia. Na chuo kikuu cha Virginia Tech, 2007, waliuawa watu 32, bastola mbili za kawaida, magazini za kumi na za kumi na tano.

MSOMAJI WA USIKU
Iliisha 2004, mzee. Bunge lilikaa kimya, miaka kumi ikapita, ikafa yenyewe. Na ile ilikuwa na tundu: magazini zilizotengenezwa kabla ya sheria ziliruhusiwa kuuzwa. Huwezi kusema dawa haifanyi kazi wakati mgonjwa ameimeza nusu.

MZEE WA PEMBENI
2004, sawa. Tarehe imekosea, maiti hawajakosea. Nilichotaka kusema ni kwamba Tucson aliyekuwa karibu alikuwa mtu mzima, hatua chache tu kutoka kwa muuaji. Darasani watoto wako chini ya meza. Sekunde tatu za kubadilisha zinamsaidia aliye karibu na mwenye pumzi. Zinasaidia, sikatai. Lakini msiziuze kama ngao.

MAMA ZUHURA
Sekunde tatu mtoto anakimbia, mzee. Simuombi apigane.

SHABAHA NNE
Na hiyo kumi imetoka wapi? Kwetu Colorado ni 15, baada ya mauaji ya sinema ya Aurora. New Jersey walianza na 15, 2018 wakashuka 10. New York 2013 ndiyo kichekesho: magazini ya kumi unaruhusiwa, lakini uijaze saba tu. Jaji akaitupa hiyo ya saba. Mlitegemea muuaji ahesabu saba, aache nafasi tatu kwa heshima?

KIROBOTO
Anaziachia bata.

SHABAHA NNE
Kiroboto, we mtu ulisema unakaa pembeni.

MSOMAJI WA USIKU
Kila kikomo kinachagua namba. Mwendo wa gari ni 80, kwa nini si 83? Kanada wao bunduki ndefu nyingi za nusu otomatiki ni risasi tano, za bastola ni risasi kumi, na nchi haijaanguka.

MZEE WA PEMBENI
Kanada hawana Marekebisho ya Pili, kile kifungu cha katiba ya Marekani kinacholinda haki ya kumiliki silaha. Wewe unajadili sera, majaji wanajadili katiba. Tangu kesi ya Bruen 2022, serikali ikitaka kuzuia silaha lazima ioneshe mfano wa sheria kama hiyo kwenye historia ya nchi. Ndiyo maana wanasheria wazima wanachimbua sheria za magobore na mitego ya bunduki ya karne zilizopita. Na mmoja wa wale majaji wanne waliopinga, Jaji VanDyke, alijirekodi video ofisini kwake akishika bastola na vipande vyake, kueleza kwamba magazini ni sehemu ya silaha. Wenzake walimshangaa.

FUNDI MTUTU
Ile video nimeitazama. Alivyoshika bastola, mkono uko sawa. Hilo nampa.

MAMA ZUHURA
Fundi, kuna siku utahudhuria mazishi usifie misumari ya jeneza.

FUNDI MTUTU
Hapo umenipiga vizuri. Nakubali. Lakini bado si klipu.

SHABAHA NNE
Jamani, nje ya mada kidogo. Mke wangu amepata kazi San Diego, tunahamia mwezi ujao. Nina magazini tano za risasi 30, nilikuwa nazo kabla ya Julai 2013, kwa hiyo Colorado ni halali kuwa nazo. Nikivuka nazo?

MZEE WA PEMBENI
Usivuke nazo. Kuziingiza California ni kosa tangu 2000, hata kabla ya hii kesi.

SHABAHA NNE
Na huku siwezi kumuuzia mtu. Kwa hiyo nizitupe?

FUNDI MTUTU
Si lazima. Zikirekebishwa kwa kudumu zisiweze kubeba zaidi ya kumi, sheria yao haizihesabu tena kuwa kubwa. Unaweka kizuizi ndani, unakipiga ribiti kisitoke. Ila fanya hivyo kabla ya kuondoka, na umuulize mwanasheria, usiniulize mimi.

KIROBOTO
Yaani kizibo.

SHABAHA NNE
Usianze.

KIROBOTO
Sijasema bata. Nimesema kizibo.

MSOMAJI WA USIKU
Kwa hiyo ndugu yetu kumi zimemtosha?

SHABAHA NNE
Nimesema nahama. Sijasema zinatosha.